Dakika za Mwanza haziingii kwenye dai la Medicare

Wauguzi, matabibu na watu wa kumbukumbu za afya wa hapa Mwanza ambao bado wanasubiri ajira wanaletewa matangazo ya aina moja kila wiki: kliniki ya Marekani inatafuta mtu wa kufuatilia wagonjwa wa presha na sukari kwa mbali na kuandaa madai ya bima. Malipo kwa dola, kazi ya jioni hadi usiku, unakaa nyumbani kwako Nyegezi au Buswelu na laptopu. Kazi hizo zipo, na nyingi ni halali. Shida ni kwamba tangazo moja mara nyingi limebeba kazi mbili tofauti, na moja kati ya hizo Medicare hailipii ikifanywa na mtu aliyekaa Mwanza.

Medicare ni bima ya serikali ya Marekani kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, pamoja na baadhi ya watu wenye ulemavu. Sheria yake inazuia kulipia huduma iliyotolewa nje ya nchi hiyo, ukiacha hali chache sana ambazo hazihusiani na kazi hii. Kwa hiyo muuguzi aliyeko Buzuruga akimpigia bibi wa Ohio kumuuliza kwa nini presha imepanda, huenda amemsaidia sana bibi yule, lakini dakika zile haziwezi kuandikwa kwenye dai. Zikiandikwa, kliniki imedai fedha za serikali isizostahili, na rekodi iliyotumika kudai umeiandika wewe.

Kazi inayobaki ni ya ofisini: kuhesabu siku za vipimo, kukagua kama idhini ya mgonjwa ipo kwenye faili, kuandaa dai, kufuatilia lililokataliwa. Hiyo inaweza kufanyika Mwanza, mkataba na sheria za faragha zikiruhusu. Na aliyewahi kuhangaika na fomu za NHIF kwenye zahanati anajua tayari tabia ya kazi hii. Kinachobadilika ni kanuni.

Misimbo ya kufuatilia mgonjwa kwa mbali, yaani namba zinazotaja huduma kwenye dai, ni michache. Inatoka kwenye orodha ya CPT inayomilikiwa na Chama cha Madaktari cha Marekani. 99453 ni ya kumfungia mgonjwa mashine na kumfundisha kuitumia, na hudaiwa mara moja tu kwa kipindi kizima cha ufuatiliaji. 99454 ni ya mashine yenyewe na kupokea vipimo, kwa kila siku 30, na inataka siku zisizopungua 16 zenye vipimo. 99457 ni ya dakika 20 za kwanza za kusimamia matibabu ndani ya mwezi wa kalenda, na 99458 ni ya kila dakika 20 kamili zinazoongezeka juu ya hapo. Tangu tarehe 1 Januari 2026 imeongezeka miwili: 99445 kwa mgonjwa mwenye siku 2 hadi 15 za vipimo, na 99470 kwa dakika 10 za kwanza. Mafunzo mengi yanayouzwa mtandaoni bado yanafundisha kwamba siku 15 au dakika 19 hazina malipo kabisa. Hiyo ilikuwa kweli hadi mwisho wa 2025. Ila usidai 99445 na 99454 kwa siku 30 zile zile, wala 99470 na 99457 kwa mwezi ule ule.

Kabla ya kuhesabu chochote, fungua faili utafute vitu vinne. Kwanza agizo la daktari, lenye ugonjwa na sababu ya kumfuatilia. Ugonjwa huandikwa kwa msimbo wa ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, kwa mfano I10 kwa presha au E11.9 kwa kisukari cha aina ya pili kisicho na madhara mengine. Pili, ushahidi kwamba mgonjwa anafahamika na daktari huyo, yaani amewahi kuonwa naye au na kliniki yake, maana mgonjwa mpya kabisa haingii. Tatu, idhini ya mgonjwa. Ya mdomo inakubalika lakini iandikwe tarehe na nani aliyeipokea. Nne, aina ya mashine. Iwe kifaa cha tiba kwa tafsiri ya FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, na kitume vipimo chenyewe. Mgonjwa akisoma namba kwenye mashine ya kawaida na kuzitaja kwa simu, kisha mtu akazichapa, siku hiyo haihesabiki. Hapa ndipo wasimamizi wengi wanapowashawishi vijana wao: mgonjwa ana siku 15, "mpigie, chukua kipimo kimoja, kiingize." Mfumo huonyesha kipimo kilichoingizwa kwa mkono na kilichotoka kwenye kifaa, na mkaguzi huanza hapo hapo.

Kuna pia kundi jingine la misimbo, kama 98975 na 98980, la kufuatilia tiba, mathalani mazoezi ya viungo au upumuaji, ambako maelezo ya mgonjwa mwenyewe yanakubalika. Usichanganye makundi haya mawili kwa mgonjwa mmoja mwezi mmoja.

Sasa hesabu, ambako kazi yenyewe iko. Kila mgonjwa ana hesabu mbili za muda zinazotembea kwa pamoja na hazilingani. Chukua mgonjwa wa kubuni wa New York aliyeanza kupima tarehe 9 Machi 2026. Kipindi chake cha siku 30 kinaishia tarehe 7 Aprili. Dakika za wahudumu zinafuata kalenda: za Machi zinaisha tarehe 31 Machi hata kama zilianza tarehe 9, na za Aprili zinaanza upya sifuri.

Tuseme katika kipindi hicho mfumo unaonyesha vipimo 41. Namba hiyo haina kazi kwako. Kinachotakiwa ni siku tofauti zenye angalau kipimo kimoja. Vipimo vitatu vya siku moja ni siku moja. Ukizipanga unapata siku 17, basi ni 99454. Kama anatumia mashine ya presha na mizani ya uzito pia, bado ni dai moja. Na kliniki nyingine ikiwa imeshamdai mgonjwa huyo kwa siku hizo hizo, yako haitalipwa. Sangara mmoja hapandishwi kwenye mizani mbili mwaloni akalipwa mara mbili.

Kuhusu dakika: Machi kuna simu ya dakika 9, kupitia vipimo dakika 4, na simu nyingine dakika 6. Jumla 19. Hiyo ni 99470. Si "karibu 20". Aprili zikifika 43, unadai 99457 moja na 99458 moja, na zile 3 zilizobaki zinafia hapo, haziendi Mei. Sharti jingine: ndani ya mwezi lazima kuwe na angalau mazungumzo moja ya moja kwa moja na mgonjwa au anayemhudumia. Ujumbe wa maandishi pekee hautoshi. Dakika 30 za kuangalia grafu bila simu hata moja hazidaiwi.

Mtego unaotuhusu sisi wa huku ni wa saa za dunia. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, New York iko nyuma ya Mwanza kwa saa 7. Miezi iliyobaki ni saa 8. Chicago ongeza saa moja, Los Angeles ongeza tatu. Ukishusha orodha ya vipimo kwenye laptopu iliyowekwa saa za Afrika Mashariki, programu ya jedwali inaweza kukubadilishia muda bila kukuambia. Matokeo yake ni haya. Mgonjwa wetu akipima saa 21:30 tarehe 7 Aprili, siku ya mwisho ya kipindi chake, kwenye jedwali lako inasomeka 04:30 tarehe 8, nje ya kipindi. Umempunguzia siku. Kinyume chake ni kibaya zaidi: akipima saa 16:30 na tena saa 18:00 siku hiyo hiyo, kwako inakuwa 23:30 leo na 01:00 kesho. Siku moja imezaa mbili, na mtu wa siku 15 amegeuka wa siku 16 bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Dai limeshakuwa la msimbo usio wake.

Dawa yake ni kuweka saa za kliniki kwenye akaunti ya mfumo na kwenye laptopu yenyewe, na kabla ya kuhesabu uchukue kipimo kimoja cha usiku wa Marekani ukilinganishe na kinavyosomeka ndani ya mfumo wao. Na rekodi zote ziandikwe kwa saa 24. Mkikabidhiana zamu kwa Kiswahili, "ile simu ya saa tatu asubuhi" kwa mwenzako ni 09:00, lakini mtu akiwa amechoka usiku wa manane anachapa 03:00, na sasa kuna rekodi ya mzee aliyepigiwa simu alfajiri.

Rekodi nzuri ya dakika inafanana hivi: "17/03/2026, 10:42 hadi 10:51, dakika 9, simu na mgonjwa, presha 168/96 kwa siku mbili, hajameza dawa tangu Jumamosi, daktari amejulishwa, muuguzi ametia jina." Rekodi mbaya ni ile inayosema tu "ufuatiliaji, dakika 20". Na ukiona wagonjwa 60 wa kliniki moja wote wamefikisha dakika 20 au 21 mwezi ule ule, usitume madai kabla ya kuuliza. Wagonjwa hawafanani kiasi hicho.

Kwa nini tahadhari yote hii? Kwa sababu fedha zimekua haraka na macho yamefuata. Malipo ya Medicare kwa huduma hii yalikuwa kama dola milioni 15 mwaka 2019. Mwaka 2022 yalizidi milioni 300. Ripoti ya Septemba 2024 ya ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ilionyesha kwamba takribani asilimia 43 ya wagonjwa hawakupata sehemu zote tatu za huduma: kufundishwa, kupewa mashine inayotuma vipimo, na kusimamiwa matibabu. Mgonjwa mwenye 99454 mwezi baada ya mwezi bila 99457 hata moja anazua swali la wazi: vipimo vinakuja, nani anavisoma?

Nirudi kwenye suala la nani na wapi, maana kuna hoja inayotumika kuwatuliza watu. Dakika za 99457 zinaweza kutolewa na wahudumu wa afya chini ya usimamizi wa jumla wa daktari, yaani si lazima daktari awe jengo moja nao. Kampuni za katikati husoma hapo na kukwambia, "Unaona? Unaweza kuwa popote." Usimamizi wa jumla unaeleza umbali kati ya daktari na mhudumu. Haufuti sharti la huduma kutolewa ndani ya Marekani. Medicaid, bima ya wenye kipato cha chini, nayo imefungwa na sheria isilipe taasisi iliyo nje ya nchi, na baadhi ya majimbo hayataki hata taarifa za wagonjwa zitoke nje. Kampuni binafsi zinazoendesha mipango ya Medicare Advantage, yaani Medicare inayopitia kampuni za bima badala ya serikali moja kwa moja, zinatakiwa kuitaarifu serikali zinapotumia wakandarasi wa nje wanaogusa taarifa za wagonjwa, ndani ya siku 30 tangu kusaini. Kwa hiyo mwajiri anayetaka usijulikane kwamba uko Tanzania anakuambia kitu kuhusu biashara yake.

Dalili mbaya kuliko zote: unapewa jina la kuingilia la muuguzi aliyeko Texas, utumie lake kwa sababu "lako bado linaandaliwa". Hapo dakika zako zinaandikwa kama zake. Kataa siku ya kwanza, maana ukishaingia mara moja jina lake ndilo litakalokuwa kwenye kila ulichogusa.

Kuhusu dai lenyewe nitakuwa mfupi, maana kila kliniki ina programu yake. Fomu ni CMS-1500 au mfano wake wa kielektroniki. Namba ya mgonjwa wa Medicare ina tarakimu na herufi 11, na haitumii kabisa herufi S, L, O, I, B wala Z. Ukiona O, ni sifuri, ukiona I, ni moja. Kosa hilo pekee hurudisha madai mengi. Namba ya daktari ya NPI ina tarakimu 10. Mahali pa huduma, kliniki ya kawaida huandika 11. Usiandike 02 au 10, na usiongeze alama ya 95, maana hizo ni za matibabu ya video na simu, na kwa Medicare ufuatiliaji wa mbali hauhesabiwi kundi hilo. Mgonjwa mwenyewe huchangia asilimia 20 baada ya kumaliza kiasi cha mwaka anachotakiwa kulipa kwanza mfukoni mwake. Kliniki inayofuta mchango huo kwa kila mtu ili wakubali mashine inajiingiza kwenye tuhuma za kununua wagonjwa. Dai lifike ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya huduma.

Likirudi, tofautisha mambo mawili. Dai lililorudishwa mlangoni halijawahi kuingia: rekebisha, tuma tena. Lililoingia likakataliwa lina njia ya rufaa, na ngazi ya kwanza ina siku 120. Kulituma upya kama lilivyo huleta, kwenye jibu la mlipaji, sababu namba 18, dai lililojirudia, na sasa una matatizo mawili. Sababu 16 ni taarifa pungufu. Sababu 109 mara nyingi maana yake mgonjwa amehamia Medicare Advantage, hivyo dai limepelekwa kwa mlipaji asiye wake. Wengi huhama mwanzoni mwa mwaka, basi Januari kagua bima ya kila mtu upya kabla hujatuma kitu. Sababu 119, kikomo cha kipindi kimefikiwa, ikija kwenye 99454 anza kuuliza kama kuna daktari mwingine aliyemfungia mgonjwa mashine. Daktari wa moyo na daktari wa familia hufanya hivyo bila kuambiana.

Faragha ina sheria mbili juu yako. Upande wa Marekani ni HIPAA ya 1996: kliniki lazima isaini mkataba maalumu wa ulinzi wa taarifa na kampuni unayofanyia kazi, na mnyororo huo ukufikie wewe. Upande wetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mkiwa kikundi mmekodi chumba Kirumba na mnachakata taarifa za wagonjwa, nyinyi ni wachakataji kwa maana ya sheria hiyo, hata kama wagonjwa wote ni wa Florida, na mnatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa vitendo: fanya kazi ndani ya kompyuta ya mbali ya kliniki, usishushe faili kwenye laptopu yako. Usipige picha ya skrini kumtumia mwenzako WhatsApp umuulize "hii siku niihesabu?" Tuma namba ya dai ndani ya mfumo. Usifanyie kwenye mgahawa wa intaneti wala sebuleni penye wageni. Umeme ukikatika, betri ya akiba ya kuendesha ruta na laptopu kwa saa mbili inatosha kumaliza na kutoka vizuri. Weka na laini ya pili yenye bando, ya mtandao tofauti. Kinachoharibu rekodi si giza lenyewe, ni kipima muda kilichobaki kikitembea kwenye mfumo wakati wewe umeshatoka, kikaandika dakika 47 kwenye faili ambalo hakuna aliyekuwa akilisoma. Ukirudi hewani, hilo ndilo la kwanza kulikagua. Taarifa ikivuja au laptopu ikiibwa kwenye daladala, toa taarifa siku hiyo hiyo. HIPAA inatoa siku 60 kama kikomo cha mwisho, na mikataba mingi inataka mapema zaidi.

Katika mkataba wako, omba malipo ya saa au ya mwezi. Asilimia ya kinacholipwa inavutia, lakini inakufanya uwe na faida kwenye kila siku ya 16 na kila dakika ya 20, na wakaguzi wa Marekani wamekuwa wakiitilia shaka mipango hiyo kwa miaka mingi. Majukumu yaandikwe waziwazi kuwa ni ya ofisi. Kama kuna kuwapigia wagonjwa simu za kuwakumbusha kupima, iandikwe kwamba dakika hizo hazidaiwi, na kwenye mfumo ziwekwe aina yake tofauti, ili siku ya kujumlisha zisimezwe na nyingine.

Na ukigundua kwamba dakika zako zimeshaingia kwenye madai yaliyolipwa, mwandikie msimamizi kwa barua pepe ya kazi, uonyeshe namba za madai, tarehe na dakika, bila majina ya wagonjwa. Kliniki ikishatambua kwamba imelipwa zaidi ina siku 60 za kurejesha, na kanuni inaruhusu saa hiyo isimame kwa muda wakati uchunguzi wa kweli unaendelea. Usifute wala kurekebisha rekodi ya zamani kimyakimya. Ongeza maelezo mapya yenye tarehe ya leo na jina lako, na ya zamani iache isomeke kama ilivyokuwa.